Kadi za Marehemu na Mashine ya Medellín

Jumamosi, 4 Novemba 2023

Maharage ya Doña Edilma, mama wa mchumba wangu, yamenikaa kooni mpaka sasa. Alisubiri nijaze mdomo ndipo akauliza, kwa upole kabisa, kama anayeomba apitishiwe chumvi. Eti sisi akina Tabares wa kwetu ni wa mlimani au wa bondeni?

Nani mjini hapa hajui maana ya swali hilo! Tabares wa mlimani ni wagomvi tu. Tabares wa bondeni ndio wenye uzuzu. Wanafika arobaini na kitu, wanaanza kurudiarudia maneno, kisha wanapotea njia ya nyumbani, kisha wanasahau majina ya watoto wao, mwisho wanasahau hata kumeza. Madaktari wa Medellín wanauita Alzheimer. Wamekuwa wakipanda huku kutupima damu tangu kabla sijazaliwa. Wanasema ni kasoro moja ndogo ya kurithi – mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Sisi bado tunasema uzuzu, kama bibi zetu.

Nikamjibu: wa bondeni. Na mama yangu si unamfahamu, Doña Edilma? Mlikuwa mkiimba naye kwaya.

"Mama, chakula kinapoa," Wbeimar akasema.

"Nauliza tu, baba. Kuuliza si ugomvi. Nasikia siku hizi anayetaka majibu yake anapewa. Mtu akijua mapema, na wenzake nao wanajua wanaingia wapi."

Wenzake! Yaani yeye. Wbeimar ameniposa mwezi uliopita, tunataka kufunga ndoa baada ya Pasaka. Nina miaka ishirini na saba na sijawahi kutaka kujua. Nimerudi nyumbani kwa miguu, na Wbeimar anaburuta pikipiki kando yangu kama mtu aliyeishiwa mafuta.

Jumapili, 5 Novemba

Mama ameamka vizuri. Nilipokuwa namchana nywele akanitazama kwenye kioo, akaniuliza kama mwenye nyumba ananilipa. Nikasema ananilipa vizuri tu. Akaninong'oneza nisikubali kulipwa arepa za mahindi na kahawa tu, wasichana wa kazi wanaonewa sana.

Ana miaka hamsini. Uzuzu ulimwanza akiwa na arobaini na nne. Tangu Pasaka hajaniita mwanangu.

Jumanne, 7 Novemba

Wamenipigia simu kutoka Medellín. Wanataka vijana wa familia zetu wasio na dalili yoyote, waingie kwenye mashine ya kupiga picha ubongo huku wakikariri sura na majina ya watu. Hawatatuambia nani ana kasoro na nani hana. Hata wanaotupima hawajui. Nikakubali kabla hawajamaliza kueleza.

Mama mdogo Nohelia alinishangaa. Ni mdogo wake mama, tunakaa naye, ndiye anayebaki na mama nikiwa kazini. Akasema tangu nitimize kumi na minane nawakimbia wale madaktari kama wanaodai kodi, leo kulikoni? Nikasema ni kwa ajili ya sayansi.

"Sayansi! Wewe unataka kushinda."

Kweli. Nataka kushinda. Nikizikumbuka sura zote, nitajijua mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Na Doña Edilma nitamjibu kwa mdomo mpana.

Alhamisi, 9 Novemba

Mazoezi yameanza. Nohelia ametoa kopo lake la biskuti lililojaa kadi za marehemu – zile wanazogawa siku ya tisa ya sala, picha ya marehemu mbele, dua nyuma. Hakuna nyumba hapa isiyo na rundo lake, lakini kopo la Nohelia ni la kutisha. Huyu mwanamke hakosi msiba. Anafunika jina kwa kidole gumba, mimi nataja.

"Huyu?"

"Don Gildardo."

"Gildardo ndiye mwenye kofia. Huyu ni mdogo wake. Siku ukifa utatutia aibu huko uendako, humjui hata mmoja."

Wengi ni wetu. Unazifunua moja moja: uzuzu, uzuzu, kaangushwa na farasi, uzuzu. Mama alikaa nasi mezani. Akachukua kadi ya bibi, mama yake mzazi, akaitazama sana, akasema huyu bibi anaonekana mkali. Nohelia akasema alikuwa mkali, dada, tena sana, wewe na mimi tulichapwa naye. Mama akacheka. Tukacheka sote.

Jumapili, 12 Novemba

Nimekosa mbili tu! Nohelia anazichanganya, anazigeuza kichwa chini, mimi nataja tu.

Halafu ikatoka kadi ya seremala mmoja. Arnubio, nikasema haraka. Nohelia hakuiweka na nyingine, aliirudisha chini kabisa ya kopo. Nikamchokoza: huyu alikuwa nani wako? Nilitegemea anitukane. Akasema alikuwa mtu mwema, alitaka kumwoa, yeye akiwa mdogo kuliko mimi sasa. Akamkataa. Hakutaka mwanamume wa watu aje kumlisha uji na kumfuta mate.

Sasa Nohelia ana arobaini na saba. Anakumbuka bei ya kila kitu sokoni na dhambi ya kila mtu mtaani. Uzuzu umempita.

"Nilimkataa mtu mzima na akili zake kwa ugonjwa ambao sikuwa nao," akasema. "Haya, endelea. Huyu nani?"

Nilishindwa kumtaja. Nilikuwa nalia. Yeye alikuwa bado ameshikilia kadi, anasubiri jibu.

Jumatano, 15 Novemba

Nimerudi. Nimechoka kama niliyebeba magunia.

Mashine ni bomba kubwa jeupe, unaingizwa umelala, kichwa kimebanwa. Inagonga kama mafundi wanabomoa ukuta. Kwenye kioo kidogo juu ya macho zinapita sura za watu nisiowajua na majina yao. Baadaye zinarudi bila majina, unachagua kwa kubonyeza kitufe. Nilikaza akili mpaka nikasikia maumivu nyuma ya masikio. Kila sura niliipa msiba wake: huyu kafa maji, huyu kafa usingizini, huyu mjane anamlilia mpaka leo. Hawakuniponyoka.

Kijana wa mashine aliponitoa alisema umefanya kazi kwelikweli humo ndani. Nikamshukuru. Natoka pale nakanyaga hewa!

Nje nikala solterita mbili, zile biskuti nyembamba za krimu ya njano, nikachafua blauzi. Nikampigia Wbeimar: mwambie mama yako nimezipata karibu zote. Akasema, mpenzi, kwani ulikwenda kwa sababu ya mama?

Jumamosi, 25 Novemba

Mkutano wa familia kwenye ukumbi wa shule. Hufanyika kila mwaka: kahawa, mikate ya jibini, halafu daktari anaeleza walichopata. Safari hii alikuja daktari kijana, mpole, anatoka jasho. Nilikaa mbele na Nohelia. Mama alikuwa kati yetu, ana mkate kila mkono.

Daktari akaanza kueleza habari za ile mashine na vijana. Akasema wamechunguza makundi mengi sasa. Vijana wenye kasoro na wasio nayo wanakumbuka sawasawa, alama hazitofautiani. Akaendelea. Tofauti iko ndani: wenye kasoro, ile sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu huwaka zaidi. Inafanya kazi kubwa kupata jibu lile lile. "Ni kama pikipiki mbili zilizofika kileleni pamoja," akasema, "lakini moja imenguruma njia nzima."

Umefanya kazi kwelikweli humo ndani. Yule kijana wa mashine! Nilidhani ananisifu.

Nikanyoosha mkono. Sauti haikuwa yangu. Nikauliza: na mtu akiwa amejizoeza nyumbani kabla ya kuja, akakaza akili kupita kiasi, nayo si itawaka? Mtamjuaje?

Akatabasamu. Akasema picha ya mtu mmoja haisemi lolote, mtu yeyote akiwa na wasiwasi au akijitahidi sana inaweza kuwaka, wao hulinganisha makundi. Halafu akauliza, ulijizoeza na nini?

"Kadi za marehemu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikatamani nijifiche chini ya kiti. Lakini nyuma akasimama dada mmoja wa machimboni, akasema hata yeye. Kadi za marehemu, jioni zote, na mumewe. Akasimama mwingine: yeye na albamu ya harusi ya jirani. Kijana mmoja akasema alitumia ng'ombe wa baba yake, kawapa majina ya wabunge. Mikono ikazidi kupanda. Karibu wote tulioingia kwenye ile mashine tulikuwa tumejipika kabla. Nani atakwenda kupimwa kusahau hivihivi, bila kujiandaa? Labda watu wengine. Sisi hatuwezi.

Daktari hakuwa anacheka tena. Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, akashika kichwa. Mama akainuka, akaenda kumpa mkate mmoja.

Jumapili, 26 Novemba

Kazini, pale ushirika, mimi ndiye napima maziwa ya wafugaji. Anayetia maji namnasa kwenye kipimo. Lakini kuna mzee mmoja aliyekuwa na maziwa mazuri tu, akaogopa, akatia unga ili yaonekane mazito. Tukayamwaga yote.

Ndicho nilichojifanyia. Labda ubongo wangu uliwaka kwa ajili ya unga. Labda ni maziwa yenyewe. Sasa siwezi kutenganisha, na sina wa kumlaumu.

Natamani ningebaki sijui kwamba kuna cha kujua.

Alhamisi, 7 Desemba

Sikukuu ya mishumaa. Mtaa mzima ulipanga mishumaa ukingoni mwa barabara giza lilipoanza kuingia. Mama alishika wake kwa mikono miwili, akatazama moto kama mtoto, nikapata amani kidogo.

Wbeimar alikuja. Tukawasha wetu, tukakaa kizingitini. Nikamwambia nimeamua. Kadi ya Arnubio hainitoki kichwani. Sitaki kuishi nikijihesabia funguo zilizopotea mpaka nifike hamsini. Nitaomba majibu.

Nilidhani atafurahi, angalau kwa ajili ya mama yake. Akakaa anakwangua nta kwenye sakafu kwa ukucha.

"Nenda," akasema. "Ila mimi usiniambie."

"Wbeimar!"

"Nakuoa, Dahiana. Wewe, hivyo ulivyo leo. Ukiniambia hunao, nitakuwa mtu aliyesubiri cheti. Ukiniambia unao, kila ukisahau sufuria jikoni nitakutazama vile unavyomtazama mama yako. Sitaki kukutazama vile."

"Na mama yako je?"

"Mama ataniuliza. Nitamwambia sijui, na itakuwa kweli."

Kumbe ninamtazama mama kwa namna fulani, na watu wanaona. Hilo ndilo lililoniuma. Na yeye hajafikiria jambo moja: nikitoka kupewa majibu, ataisoma sura yangu kabla sijafungua mdomo. Huyu ananijua tangu tukiwa shule. Sijui kuficha kitu usoni, kila mara nimeshindwa.

Ijumaa, 15 Desemba

Nimekutana na Maritza, mwanasaikolojia. Hupewi jibu hivihivi, lazima mzungumze kwanza, zaidi ya mara moja. Mikono yake ina baridi. Ananena polepole. Akaniuliza nitafanya nini nikisikia ndiyo. Nikasema nitalia. Na baada ya kulia? Nikasema nitakwenda kazini kupima maziwa. Na nikisikia hapana? Akilini nikamwona Nohelia na kopo lake.

Akasema watu wengi hudhani jibu zuri halina uzito. Akasema pia naweza kubadili mawazo wakati wowote, hata nikiwa nimeshika kitasa cha mlango. Damu wamechukua.

Jumatatu, 18 Desemba

Nimesahau kuweka sukari kwenye natilla, ule uji mzito wa maziwa wa Krismasi. Sufuria nzima! Wageni walikula kwa adabu. Nilijifungia bafuni.

Nohelia akagonga mlango. "Toka humo. Mimi nasahau sukari tangu nikiwa na miaka tisa. Huo si uzuzu, huko ni kutokujua kupika."

Jumatano, 24 Januari

Kikao cha mwisho na Maritza. Akauliza nitakuja na nani siku yenyewe. Nilikuwa na jibu tayari, Nohelia. Lakini siku hiyohiyo mama ana zamu yake ya kuonwa na daktari, jengo lilelile, na Nohelia kateguka kifundo cha mguu, hawezi kushuka ngazi. Nikasema nitakuja na mama.

Maritza akaweka kalamu chini. Akauliza, una hakika? Nikasema mwingine ni Wbeimar, na yeye ameomba asijue.

Doña Edilma ameleta kuku. Hakuuliza kitu. Alikaa na mama chumbani wakaimba ule wimbo wao wa kwaya, maneno yote mama anayo, hata ubeti wa tatu ambao Doña Edilma mwenyewe kausahau. Akatoka macho mekundu. Mlangoni akanishika bega, akasema, "Siku ile ya maharage nilikosea, binti yangu." Nilitaka kubaki na hasira, ikaniponyoka.

Lakini hakusema nisiende.

Jumanne, 6 Februari

Medellín. Naandika kwenye benchi ya korido, mama yuko kando yangu. Daktari wake ameshamwona, kapungua uzito kidogo. Sasa tunasubiri mlango wa Maritza.

Wbeimar ametuleta kwa gari la binamu yake. Kabaki chini kwenye maegesho. Alisema atakaa mgongo ukiwa umeelekea lango, nikirudi niingie kiti cha nyuma, niegemee, asinione. Amegeuza hata kioo cha dereva kitazame dari! Nilicheka nikataka kumpiga. Safari nzima ya kurudi milimani bila kioo, mwanamume huyu. Nikamwambia atatuua sote watatu kabla ya uzuzu wowote.

Sina hamu ya kuingia. Sina hamu ya kurudi nyumbani bila kuingia. Maritza alisema naweza kubadili mawazo nikiwa nimeshika kitasa. Nimekuwa nakitazama. Ni kitasa cha shaba, kimechubuka.

Mama amekuwa akitazama wauguzi wakipita na sinia zao. Sasa amenishika mkono. Yeye, si mimi. Siku hizi mimi ndiye humshika. Ameushika kwa nguvu, anausugua kwa kidole gumba, kisha akainama sikioni kwangu.

"Usiogope, mwanangu. Inauma kidogo tu."

Mwanangu.

Nikamwambia, mama, leo hakuna sindano. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kusikia uongo huo mara nyingi.

"Ukiingia niangalie mimi. Usiangalie sindano. Niangalie mimi tu mpaka iishe. Tukitoka nitakununulia solterita."

Maritza amefungua mlango. Uso wake ni uleule wa siku zote, hauna kitu cha kusoma. Anataja jina langu. Mama amesimama kabla yangu na hataki kuniachia mkono, naandika daftari likiwa gotini, herufi zinakimbia.

Namwangalia.